Dema lenye mwanya wa sentimita 3: kifaa kizuri, ila gharama yake halipi mnunuzi peke yake

Mwanya wenyewe ni kitu kidogo. Ni nafasi iliyosimama ubavuni mwa dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa; upana sentimita 3, urefu sentimita 30, imezungushiwa fremu ngumu isiyobonyea. Samaki huingia kwa mdomo wa dema kama kawaida. Akiwa mwembamba au bado mchanga, anazunguka kuta, anaukuta mwanya, anatoka. Akiwa mnene, anabaki mpaka dema liinuliwe. Msusi anayeijua kazi yake, kuanzia Moa hadi Kipumbwi katika pwani ya Tanga, atakutengenezea ukimpa vipimo. Tatizo la kwanza liko hapo: wateja wengi hawampi vipimo. Wanamwambia "niachie upenyo", naye anawaachia upenyo.

Bei kwanza, maana ndiyo inayoulizwa. Mwanya hauuzwi peke yake. Unalipia dema, halafu unaongeza fremu na muda wa msusi kukata na kufunga. Hiyo ni nyongeza ndogo. Anayekutaka nusu ya bei ya dema kwa ajili ya fremu anakuonea. Dema lenyewe halibadiliki kwa lolote lingine: mdomo ni ule ule, koo ni lile lile, mawe ya kulizamisha ni yale yale, na chambo hakibadiliki.

Swali linalofuata kila mara ni hili: kwa nini usisuke tu macho makubwa zaidi, ukaachana na fremu? Kwa sababu jicho la dema hupima kimo cha samaki, ilhali mwanya hupima unene wake. Mchukue kitatange. Ukimtazama kwa ubavu ni sahani. Ukimtazama kwa mbele ni upapi. Kimo chake kinaweza kufika sentimita 10 huku unene haufiki 3. Jicho la sentimita 4 linamfungia humo ndani ingawa hana nyama ya maana wala bei. Ukitaka atoke kwenye jicho itabidi ulitanue mpaka sentimita 10 na ushei, na hapo tasi na changu wa kuuzwa watakuaga wote. Mwanya unamruhusu mwembamba wa kimo chochote na kumzuia mnene. Hiyo ndiyo akili ya kifaa hiki.

Sasa fremu, kwa sababu kwa kweli unachonunua ni fremu. Wasusi wavivu huruka upapi mmoja wakauita huo mwanya. Dema likiwa kavu juu ya mchanga linapendeza. Likilala maji siku mbili tatu, mwanzi unakunywa, msuko unalegea, kamba zinavutana, na ule mwanya wa sentimita 3 unakuwa 2 upande wa juu na 4 na nusu katikati. Ukibana hadi 2 hautoi mtu wa maana. Ukifika 4 na nusu, tasi wazima wanapita, na mvuvi anarudi dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki, akiapa kwamba mambo ya uhifadhi ni ya kumtia mtu umaskini. Hajakosea kuhusu umaskini wake wa siku hiyo. Kosa lilikuwa la msusi.

Fremu ya nondo ya milimita 6 ndiyo bora. Kata kipande cha sentimita 75 hivi: 66 ni mzunguko wa mstatili wenye nafasi ya 3 kwa 30 ndani, zinazobaki ni za kona na za kupandishia ncha. Ncha zichomelewe, au zipandane sentimita 6 na zifungwe kwa waya. Uzito wake ni kama gramu 170, haubadilishi chochote kwenye dema lenye mawe. Itapata kutu, ndiyo, lakini dema la mwanzi litaoza kabla ya nondo kukatika, na fremu ile ile unaihamishia dema linalofuata. Udhaifu wake ni mmoja: madema yakipangwa juu kwa juu ndani ya ngalawa, vile vyuma viwili virefu hubinywa katikati. Usijaribu kuvizuia kwa kuweka kipande cha kukatiza, maana utakuwa umeugawa mwanya vijumba viwili na samaki wa kimo kirefu hatapita. Vinyooshe kwa mkono, kisha pima upya.

Fremu ya mti inafaa ikiwa mti ni mgumu na umekauka. Mwanzi mzima uliopasuliwa mara mbili unatosha kwa msimu mmoja. Mkoko usiuguse. Kila mtu anajua kwamba fito za mkoko hazishindwi na maji ya chumvi, lakini mikoko ya pwani yetu ni hifadhi ya msitu na kuikata bila kibali ni kosa, na zaidi ya sheria, huko kwenye mizizi yake ndiko changu wengi wanakolelewa. Dema la kuokoa samaki wachanga lenye fremu ya mkoko ni kichekesho.

Mahali pa kufunga fremu ni kwenye kona iliyo mkabala na mdomo. Samaki aliyenaswa hufuata ukuta, na kuta humpeleka konani; huko ndiko hujikusanya. Fremu ikifungwa katikati ya ubavu anaipita tu. Ncha ya chini iwe sentimita 5 juu ya sakafu ya dema, kwa sababu dema hujizika kidogo, na mwanya uliozibwa na mchanga ni sawa na kutokuwa nao. Ukitega kwenye majani ya bahari, panda zaidi, hata sentimita 10, la sivyo majani yatalalia mwanya kama pazia. Na fremu isimame. Ikilazwa, samaki bapa analazimika kujilaza ubavu ndipo apite, na wengi hawafanyi hivyo.

Inapendeza kujua wanavyotoka. Kitatange akifika mwanyani hasukumi. Anasimama, anapeleka kidomo chake kirefu nje, anarudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kitu, halafu anapita mara moja, kama kisu kinavyorudi alani. Kangaja mchanga hana subira hiyo. Anajigonga mara mbili tatu, anakwangua magamba, ndipo anapata. Kwa hiyo ulaini wa fremu si urembo. Ncha za waya zikunjwe kuelekea nje, na upapi wenye vibanzi upigwe msasa au ukwanguliwe kwa kisu. Samaki anayetoka amechanika hajaokoka, amecheleweshwa tu.

Nani anatoka na nani anabaki? Vitatange wanatoka karibu wote, na hakuna atakayewalilia. Tasi wachanga wanatoka, tasi wakubwa wanabaki. Kangaja wembamba wanatoka. Pono ana mwili wa mviringo, kwa hiyo akishakua kidogo tu anabaki, na hapo mwanya haumsaidii sana. Chewa mdogo naye ni mnene mapema, hivyo asitegemewe kuokolewa na mwanya. Chewa mchanga anaokolewa na mkono wa mvuvi anayemrudisha majini akiwa hai. Pweza hana mfupa: aliyeingia kula atatoka, mwanya uwepo usiwepo. Anayeuma ni mkundaji. Ana bei nzuri, ana mwili mrefu mwembamba, na mkundaji wa kuuzwa kabisa anaweza kupita kwenye sentimita 3. Anayetega kwenye mchanga ulio kando ya mwamba kwa kumfuata mkundaji atapata hasara ya kweli, na si haki kumwambia kuwa ni ya kufikirika. Kwake sentimita 2 na nusu zinafaa zaidi.

Kipimo cha sentimita 3 hakikutoka hewani. Pwani ya Kenya, ambako mtego huu huitwa lema, mwanya wa 3 kwa 30 ulijaribiwa katika wangwa (maji tulivu yaliyo ndani ya mwamba) uliovuliwa sana; samaki wasiotakiwa walipungua, wastani wa urefu wa samaki waliobaki ukapanda, na kipato kikapanda nacho. Kabla yake, kisiwani Curaçao huko Karibi, mianya ya sentimita 2.5 ilipunguza samaki wasiotakiwa kwa kama asilimia 80 bila thamani ya mavuno sokoni kushuka kwa kiasi cha kuonekana. Sababu ya kipato kutoanguka si muujiza. Wanaotoka ni wale ambao mnadani huuzwa kwa fungu la bei ya kutupa, na wanaobaki ni wale wanaonadiwa mmoja mmoja. Idadi inashuka siku ile ile ya kwanza. Fedha haishuki kwa kiasi hicho.

Ila kipimo cha watu wengine ni pa kuanzia tu. Diko lako lina samaki wake. Kuna njia ya kupata kipimo chenu wenyewe isiyohitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Chukueni tasi wa kila saizi, kama 30 hivi. Kila mmoja mpime unene mahali palipo panene zaidi, nyuma kidogo ya kifuniko cha shavu, kwa kumbana kati ya vipande viwili vya ubao na kupima nafasi iliyo katikati. Kisha mpasueni, mtazame mayai. Fanyeni hivyo kati ya Novemba na Februari, karibu na mwezi mpevu, kwa sababu huo ndio wakati wa tasi kutaga; mkifanya katikati ya kusi mtapata matumbo matupu na jibu la uongo. Unene wa tasi mdogo kabisa mwenye mayai ndio unaowaambia mwanya wenu uwe kiasi gani. Ukitoka 2 na nusu, wekeni 2 na nusu. Kipimo kilichotoka kwenye matumbo ya samaki wa Tongoni kitatetewa Tongoni. Kilichotoka kwenye waraka kitafungwa kwa kijiti wiki ya pili.

Na kijiti ndicho ubovu mkubwa wa bidhaa hii. Mwanya wowote unaweza kuzibwa kwa fito moja iliyochomekwa na kuchomolewa kabla ya kufika pwani. Hakuna doria itakayolikamata hilo chini ya maji ya pima tano. Madema hayaonekani nchi kavu isipokuwa yanapoanikwa au kuhamishwa, kwa hiyo ukaguzi wa dema lenyewe ni wa kujifurahisha. Kinachosema kweli ni fungu la samaki. Mvuvi akishusha vitatange na vikangaja vyembamba tele, mwanya ulikuwa umezibwa, hata kama fremu yake inang'aa. Karani wa mnada mwenye macho anaweza kulisimamia jambo hili kuliko boti ya doria, tena bila mafuta.

Ubovu wa pili ni muda. Dema likiinuliwa asubuhi ya pili yake, samaki wengi wadogo hawajapata mwanya bado. Likilala siku mbili, wanatoka wengi zaidi. Anayeinua kila siku asishangae kukuta wachanga ndani. Awarudishe majini hapo hapo, wakiwa bado wanachezesha mashavu. Dema likitoka kwenye kina kirefu liinuliwe taratibu, kwa sababu samaki aliyevimba tumbo kwa kupandishwa haraka harudi chini hata umrushe kwa heshima gani.

Ubovu wa tatu si wa mwanya bali wa dema lolote: linapopotea. Kamba ikikatika wakati wa kusi, boya likichukuliwa, dema linaendelea kuvua bila mwenyewe. Aliyemo anakufa, anakuwa chambo, anaita wengine. Dema la mwanzi angalau linaoza. La waya linakaa muda mrefu zaidi likiua. Mwanya hupunguza madhara hayo, ila ukubwa wa nafasi haumsaidii mnene aliyefungwa humo. Hapa Tanga tuna dawa yake mlangoni: fremu ifungwe kwenye dema kwa kamba ya mkonge, wala si nailoni wala manila. Mkonge ukikaa majini huoza ndani ya wiki chache hadi miezi michache. Dema likiwa mikononi mwako unaukagua kila unapoinua na kuubadilisha ukianza kunyauka. Dema likipotea, hakuna wa kuubadilisha. Unakatika, fremu inaanguka kwa uzito wake, na pale panapobaki ni lango ambalo hata chewa anapita. Ili lango liwe kubwa, msusi afunge fremu kwenye kipande cha msuko cha sentimita 20 kwa 35, na kipande hicho chote ndicho kishikwe na mkonge. Hii ni sehemu bora ya dema zima na ndiyo ambayo wasusi huipuuza zaidi, kwa sababu nailoni inakaza vizuri na mteja anapenda kazi iliyokaza.

Mpaka hapa ni bidhaa. Sasa upande ambao msusi hauuzi.

Mvuvi mmoja mwenye mwanya katikati ya wavuvi kumi wasio nao anawafugia wenzake. Tasi aliyetoka kwake leo ataingia kesho kwenye dema la jirani lisilo na mwanya, na jirani hatamshukuru. Kwa mtu binafsi, basi, kifaa hiki kina faida ndogo: usumbufu mdogo wa kuchambua samaki, dema lisilojaa takataka, na samaki wakubwa wasiopigana na wadogo ndani ya nafasi finyu. Faida kubwa inakuja diko zima likikubaliana. Kwa hiyo huu ni uamuzi wa kikao, na anayekushauri ununue kwa ajili yako tu anakuuzia nusu ya bidhaa.

Kikao kipi? Watu huchanganya hapa. Kigombe ni kijiji, kiko Wilaya ya Muheza. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya 1982, ikaipeleka mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kisha halmashauri ya wilaya ikaipitisha. Sahare ni mtaa wa Jiji la Tanga. Mtaa hauna mamlaka hayo. Sheria ndogo ni ya Halmashauri ya Jiji, na njia yake ni ndefu zaidi. Kwa hiyo maneno yale yale, "tumeamua kila dema liwe na mwanya", Kigombe yanaweza kuwa sheria, na Sahare yanabaki makubaliano ya waungwana mpaka Jiji liyachukue. BMU, yaani vikundi vya jamii vya kusimamia uvuvi wa pwani, zinatambuliwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na ndizo zinazofaa kuanzisha hoja pande zote mbili, lakini BMU isijidanganye kwamba muhtasari wake wa kikao unaweza kumtoza mtu faini.

Tanga si mgeni wa vikao hivi. Mradi wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ulioanza 1994 kwa msaada wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, na kuendelea hadi 2007 uliwakalisha wanavijiji na maofisa meza moja, wakapanga miamba ya kufungwa na zana za kuachwa. Halafu 2009 ikaja hifadhi ya bahari ya silikanti, baada ya samaki huyo wa kale kuanza kunaswa na majarife kwenye kina kirefu cha pwani hii kuanzia 2004. Silikanti alikuwa na jina kubwa duniani, na jina lilimletea hifadhi. Kangaja hana jina. Kazi yake ni kula mwani juu ya matumbawe, na mwamba uliopoteza matumbawe kwa joto la bahari, kama ilivyotokea 1998, hauwezi kuota tena ikiwa mwani umefunika kila jiwe. Ukipima kwa faida ya mwamba, kangaja mmoja anayechomoka mwanyani ana hoja nzito kuliko umaarufu wowote.

Ila kuna mtu ambaye hoja hiyo inamfikia ikiwa bili. Tazama fungu la dema lisilo na mwanya likimwagwa kwenye turubai pale dikoni. Tasi watatu wakubwa na changu wanaondolewa kwanza, wanakwenda mnadani, wanaishia hotelini au Dar es Salaam. Kinachobaki ni kile kirundo cha vidogo: vikangaja, vitasi vya kiganja, vipono. Hicho ndicho wanachonunua akina mama wakaangaji, wakwangue magamba, watie chumvi na bizari, wakaange, wauze kimoja kimoja jioni kwa mtu mwenye hela ya kimoja. Na sehemu ya kirundo hicho haiuzwi kabisa, inakwenda nyumbani kuwa kitoweo. Mwanya wa sentimita 3 unakiondoa kirundo hicho. Mvuvi anafidiwa na bei ya samaki wakubwa. Mkaangaji hafidiwi na kitu.

Mtu atasema wapo dagaa. Wapo, wakati wa giza. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka taa hazina nguvu, vyombo vinalala. Wiki za mbalamwezi ndizo ambazo kikaango cha uswahilini kinategemea samaki wa mwamba kuliko wakati mwingine wowote. Na mwezi mpevu wa Novemba hadi Februari ndio huo huo ambao tasi wanakusanyika kutaga. Yaani siku ambazo mwamba unahitaji huruma zaidi ni siku ambazo maskini anauhitaji mwamba zaidi. Sera yoyote ya mwanya isiyoitazama kalenda hiyo imepikwa na watu wanaonunua samaki kwa kilo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaelekeza kanuni ya tahadhari: usingoje uthibitisho kamili ndipo uzuie madhara makubwa. Sawa, nayo inautetea mwanya. Lakini tahadhari kwa samaki isiyo na tahadhari kwa sufuria haidumu dikoni. Kikao kinachojua kazi yake kinawaita wakaangaji kabla ya kupiga kura. BMU si ya wenye vyombo peke yao, wachuuzi na wachakataji wana kiti humo. Kisha kinaweza kuamua mambo ya aina hii. Kila mvuvi aanze na nusu ya madema yake. Samaki wa saizi ya kati wauzwe kwa wakaangaji kwanza, kwa bei ya diko, kabla ya mchuuzi wa mbali kuingia. Na hesabu ziandikwe kwa miezi 6 kabla ya kwenda nusu ya pili.

Hesabu ziandikwe namna gani? Kwa kila dema lililoinuliwa. Mkihesabu kwa siku mtadanganyana, maana siku moja mtu anainua madema 8 na nyingine 15. Safu tatu zinatosha: samaki walionadiwa mmoja mmoja, mafungu ya bei ndogo, na idadi ya madema yenye mwanya na yasiyo nao. Linganisheni bamvua (maji makubwa) na bamvua, maji mafu (maji madogo) na maji mafu. Anayelinganisha bamvua la kaskazi na maji mafu ya kusi, kisha akasema mwanya umemfilisi au umemtajirisha, amepima upepo.

Kuhusu kubadilisha madema ya zamani: msiyachome. Kuchoma dema la mtu ni kumnyang'anya mtaji ili kumfundisha akiba. Dema la mwanzi lina miezi yake tu majini na baadaye linasukwa upya kwa vyovyote. Sheria ikisema kwamba kila dema jipya, kuanzia tarehe fulani, lazima liwe na fremu, basi kabla kusi mbili hazijapita kazi imekwisha yenyewe bila ugomvi, na gharama ya kila mtu ni fremu tu. Madema ya waya ndiyo yanayohitaji tarehe ya mwisho, kwa kuwa hayaozi kwa hiari.

Linamfaa nani, basi? Anayetega kwenye mwamba na majani ya bahari kwa kufuata tasi na changu, katika diko ambalo nusu ya wavuvi au zaidi wako tayari, anunue bila kusita. Anayefuata mkundaji aanze na 2 na nusu. Aliye peke yake katikati ya wavuvi wa juya, wavu wa kukokota, asitarajie kitu kutoka kwenye mwanya. Apeleke malalamiko ya juya kwanza, kwa kuwa zana hiyo imepigwa marufuku na inazoa kila alichokiachia. Na palipo na baruti, fremu ya sentimita 3 ni kufunga dirisha la nyumba isiyo na paa.

Ukienda kuagiza, nenda na kijiti chako. Chonga ubao, upande mmoja milimita 30, wa pili 33. Wa 30 upite ndani ya fremu juu, katikati na chini bila kulazimisha. Wa 33 ukwame kote. Mwambie msusi: nafasi ya ndani 3 kwa 30, imesimama, kona ya mkabala na mdomo, sentimita 5 toka sakafuni, kipande cha msuko 20 kwa 35 kimefungwa kwa mkonge, ncha za waya zimekunjwa nje. Lipa nusu. Dema lilaze majini usiku mmoja hapo hapo ufukweni, asubuhi lipime tena likiwa limelowa, kwa kijiti kile kile, ndipo umalizie nusu ya pili.